Oili Iliyoganda Dundori

Alfajiri, Dundori bado iko ndani ya ukungu. Ng'ombe wanasikika, hawaonekani. Micah Kosgei ameinama juu ya injini ya lori la shamba. Amechomoa kijiti cha kupimia oili, anatazama tone linalochelewa kuanguka.

"Hii bado imelala, inaota," anasema kwa sauti ya chini. "Oili nzito ikipata baridi huwa hivyo."

Kosgei, mwenye umri wa miaka arobaini, ni dereva na fundi katika shamba moja la walowezi. Lori lake hulala kwenye baridi ya huku juu, kisha hushuka na viazi hadi kwenye joto la Marigat. Kule chini hutia oili nzito, kwa sababu nyepesi ikichemka huwa kama maji na vyuma husagana. Akirudi, hutia nyepesi, inayofika upesi kila pembe ya injini.

"Kuna madereva wanaona oili ni oili tu," anasema. "Lakini hata wewe, koti la Dundori utalivaa Marigat?"

Julai mwaka jana, alirudi kutoka Marigat jioni, oili nzito ikiwa ndani. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa sakitu. Jirani yake, Ephantus, akaja mbio. Mkewe Wariara alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mkunga alikuwa amesema apelekwe hospitali Nakuru.

Kosgei akashika hendeli ya kuzungushia injini. Ilikwenda kidogo, ikakwama, kana kwamba injini imejaa uji uliolala.

"Gari imekataa?" Ephantus aliuliza.

"Haijakataa. Imeganda. Leta makaa, na sufuria kubwa."

Debe la oili nyepesi lilikuwa tupu. Kosgei akaingia chini ya lori, akafungua nati. Oili ikashuka taratibu kama asali. Akaipasha juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, akiikoroga, akiogopa isiwake. Ndani ya nyumba ya Ephantus, Wariara alikuwa akilia.

"Kila kilio kilinisukuma," anakumbuka. "Lakini ningeiharakisha, ingeshika moto, na hatungekuwa na gari tena."

Ilipoanza kuteleza kwenye kijiti, akairudisha ndani ya injini. Hendeli ikazunguka. Injini ikakohoa, ikawaka.

Waliteremka ndani ya weupe mtupu, Wariara akiegemea bega la mumewe. Kosgei anasema hakujua kama anaendesha au anaelea. Kisha ukungu ukafunguka, na ziwa likaonekana mbali chini, limefunikwa na ndege aina ya heroe, rangi ya waridi toka ukingo hadi ukingo. Wariara akainua kichwa, akatazama.

"Ni wapi pale?"

"Ni Nakuru, mama. Tunafika," Kosgei alimjibu.

Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya adhuhuri. Yeye na mamaye walirudi nyumbani wazima.

Sasa Kosgei ana mpango wa kujenga banda lake kando ya barabara ipandayo Timboroa, ambako malori hutoka kwenye joto na kuingia kwenye baridi. Mkewe, Jepkorir, atapika chai. Rafu moja itakuwa ya oili nyepesi, nyingine ya nzito.

"Dereva akisimama, sitaanza kumuuliza habari za gari lake," anasema, macho yakiwa mbali. "Nitamuuliza, ndugu yangu, leo unalala wapi, kwenye joto au kwenye baridi?"