Kivimbe Kilichodhaniwa Kuwa Bobini

Saa moja kasorobo asubuhi, lango dogo la kiwanda cha nyuzi katika Eneo la Viwanda linafunguliwa nusu. Akina mama wa zamu ya usiku wanaanza kutoka mmoja mmoja, nywele zimejaa vumbi la pamba hata ungedhani wamezeeka usiku huo huo. Kila mmoja anasimama, ananyanyua mikono, anapekuliwa.

Mpekuzi ni Lydiah Mbuthia, askari wa lango, mama mwenye mikono myepesi na ulimi usio na breki. Anapapasa kiunoni, mgongoni, kwapani na chini ya matiti. Anatafuta uzi wa wizi.

"Mama Eve, leo umeniokotea nini?" mmoja anamuuliza.

"Mifupa mitupu. Nenda ukale," anajibu Lydiah, na foleni inacheka.

Pembeni, Kanyiva Muasya, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, anangoja kuingia zamu ya mchana. Yeye hacheki. Leo ni Ijumaa, na kabla ya jioni anatakiwa kumpa msimamizi wake jibu: kuanzia Jumatatu, usiku utafanywa na yeye au na binti yake, Mumo?

Kwa miaka kumi na mmoja Kanyiva alifanya usiku mtupu. Hakuna aliyemlazimisha. Mumewe huchonga vinyago kule Pumwani, kazi ambayo watalii wakiadimika, mbao zake hazina tofauti na kuni. Zamu ya usiku ilikuwa na marupurupu kidogo juu ya mshahara wa shilingi elfu tatu na mia tano, na ilimwezesha kufika nyumbani mtaani Jericho watoto wakiwa bado wanavaa sare za shule.

"Niliona nimewapiga chenga matajiri," anasema. "Mchana mama, usiku mfanyakazi. Usingizi niliuiba tu, kama paka anavyoiba nyama."

Uchovu ulimfanya auone mwili wake kama gunia la kubebea kazi. Alioga amefumba macho. Hakujua kilichokuwa kikiota kifuani mpaka asubuhi moja ya mwaka wa 1995, mkono wa Lydiah uliposita chini ya kwapa lake la kushoto.

"Mama Mumo, toa hiyo bobini," Lydiah alimwambia.

Bobini ni kile kigurudumu kidogo kinachozungushiwa uzi, na wakati huo wizi wake ulikuwa umezidi. Wengine walikificha ndani ya sidiria. Kanyiva, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, alidhani anataniwa, lakini Lydiah hakuwa anacheka. Mtu kwenye foleni akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe hata wanakwaya ni wezi. Akaingizwa kwenye kibanda cha askari, akavua blauzi huku akilia kwa hasira.

Hakukuwa na bobini.

"Nilishika tena, nikiomba Mungu niwe nimekosea," anakumbuka Lydiah. "Nikamwambia, Mama Mumo, hiki si cha kiwanda. Hiki ni chako. Usiende kulala, nenda hospitali."

Kanyiva angeweza kunyamaza. Wengi hunyamaza. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemzika Khalayi, aliyesimamia naye mashine zilizopakana usiku, na ambaye aliuficha ugonjwa huo huo chini ya leso mpaka harufu ikamsema. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Kanyiva anasema siku ile alimwona Khalayi mbele yake waziwazi. Alipanda basi kwenda hospitali akiwa bado na vumbi la pamba kichwani.

Hospitalini walisema ni saratani, na titi la kushoto lilikatwa. Zikafuata wiki za kuchomwa miale, za kutapika, za majirani kuja na uji na kuondoka wakinong'ona. Leo hujaza upande huo wa sidiria kwa kitambaa alichokikunja mwenyewe, na madaktari wanampa matumaini.

Swali moja halikumtoka. Yeye na Khalayi, wote wa usiku, wote wa safu moja. Wenzao walisema ni vumbi la pamba, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Kanyiva akamuuliza daktari kama ni usiku.

"Aliniambia, mama, sijui. Kuna watafiti wa ng'ambo wameanza kuuliza kama kukesha miaka mingi chini ya taa kunamvuruga mwanamke mwilini, lakini jibu hawajapata. Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Ila hiyo 'sijui' ni nzito. Naamka nayo, nalala nayo."

Aliporudi kazini, alipewa zamu ya mchana. Sasa mambo yamebadilika. Nguo za mitumba zimefurika sokoni, kiwanda kimepunguza watu mpaka mashine za usiku hazina wa kuzisimamia. Msimamizi wake, Ngigi, alimwita wiki jana. Kanyiva anaweza kubaki mchana, lakini alete mtu wa kuziba pengo aliloacha usiku.

"Una msichana amemaliza Fomu Foo, anakaa tu," Ngigi alimwambia. "Mlete. Ama urudi usiku mwenyewe. Hapo nje wako watu wanaililia hiyo nafasi."

Ngigi si mtu mbaya. Alidhani anampendelea, na mzazi mwingine angemshukuru.

Mumo, msichana wa miaka ishirini, anaitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Jana jioni yeye na mamake walivutana jikoni mpaka sukuma wiki ikaungua.

"Mathe, kazi ni kazi," Mumo alimwambia. "Si hata daktari alisema hajui? Sasa wewe umejuaje?"

"Sijui."

"Basi niache niende. Wewe ndiye ulikuwa mgonjwa. Na si huo usiku ndio ulitulisha? Mbona siku hizo haukuwa mbaya?"

Kanyiva anaikubali hoja hiyo bila aibu. "Mtoto ana haki. Kama si usiku, nimemnyima riziki bure. Kama ni usiku na nikamwacha aende, nimempeleka kaburini kwa mkono wangu mwenyewe. Naogopa vyote viwili. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye."

Wakati wa chai anakwenda kwenye dirisha la Ngigi. Anarudi upesi, anamkuta Lydiah langoni akimenya chungwa.

"Naanza Jumatatu. Mimi."

Lydiah anasonya. "Wewe ni mjinga, Mama Mumo." Anafuta macho kwa mkono wa sare, na hajali anayemwona.

Mpango wa Kanyiva ni kufanya usiku miaka miwili, mpaka mwanawe wa kiume, Wathome, amalize sekondari. Marupurupu yatamlipia Mumo mafunzo ya kupiga taipu mjini. Kila mwezi atarudi kliniki, na kila akioga atajipapasa macho yakiwa wazi, jambo ambalo amewafundisha wenzake wengi wa safu yake.

Saa kumi na moja jioni, Mumo anafika langoni amevaa sketi ya kanisani, vyeti mkononi, tayari kupelekwa kwa Ngigi. Mamake anamvuta kando na kumwambia. Msichana anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anageuka na kushika barabara, akipita wauza mahindi ya kuchoma, hatazami nyuma.

"Huyo atakununia kweli," anasema Lydiah.

Kanyiva anamwangalia bintiye mpaka anapotelea kwenye umati wa watu wanaotoka kazini.

"Acha aninunie hata miaka thelathini," anasema. "Mradi awe nayo hiyo thelathini."