Mshale wa Oili Ulipolala

Wajukuu wamenikera wiki nzima niandike kisa hiki, kama vile kuaibika mara moja hakutoshi. Haya, someni.

Tulikuwa tunatoka Sindeni kwenda hospitali Korogwe, mkwe wangu ana uchungu kiti cha nyuma, kaning'ang'ania kanga. Jirani yetu ndiye aliyekuwa akituendesha, kwa gari lake kuukuu. Njiani mshale wa oili ukalala kwenye sifuri.

"Ukilala tukiwa tumesimama, huo ni uzee tu," jirani akasema. "Ila sasa nakanyaga mafuta na haunyanyuki. Oili haipandi, bibi. Chuma kinasaga chuma. Lazima nizime."

"Uzime azalie porini? Endesha!"

"Injini itakufa."

"Bora ife hiyo."

Injini ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Niliogopa kule kugonga, kisha nikaogopa zaidi kwamba kutanyamaza.

Ilikufa kwenye geti la hospitali. Mjukuu alizaliwa kabla ya adhuhuri.

Ninyi wenye magari ya zamani, mshale ukilala hivyo, zimeni. Jirani hakunidai hata senti, na huko kutodai ndiko kulikonitesa. Nikamswagia ng'ombe wangu wawili kufidia injini. Wa tatu sikuwa naye.