Karatasi ya Gauni la Shangazi

Enzi zetu pale Biryogo, mwaka wa 1991 hivi, Kiingereza tulikiona kwenye makopo ya maziwa tu. Kifaransa kilikuwa cha shuleni, Kinyarwanda cha njiani tunaporuka kamba, Kiswahili cha nyumbani, na kwenye chai na mandazi ya moto tulivichanganya vyote bila aibu. Vijana wa leo wanaotamba na Kiingereza chao wangetuonea huruma.

Baba alikuwa fundi cherehani. Shangazi, dada yake mdogo, alikuwa anaolewa Kabuga, na dereva mmoja wa lori akamletea kutoka Dar es Salaam karatasi ya kukatia gauni, maelezo yote kwa Kiingereza. Kitambaa kilikuwa kimoja tu, cheupe, zawadi ya bwana harusi. Baba akaniita, binti wa miaka kumi na mmoja. "Wewe ndio unasoma. Soma."

Nikatazama, nikapigwa na butwaa. "Button" si ndiyo "bouton" yetu, kifungo? "Ribbon" ni "ruban", utepe. "Measure" ni "mesure", kipimo. Hawa Waingereza walivalishwa na nani? Kesho yake nikamuuliza mwalimu. Akacheka, akasema zamani mabwana waliosema Kifaransa waliitawala Uingereza, wakaacha huko majina ya vitu vyao. Wiki nzima nilitembea nimevimba kichwa.

Ijumaa tukafika kwenye kukata. Pembeni mwa kipande cha kifuani paliandikwa "place on fold". "Place" niliijua, ni ya Kifaransa vilevile. Mengine sikuyajua, na badala ya kusema sijui, nikayaruka. "Weka hapa, ukate," nikasema. Baba akanitazama kidogo, akakata. Kumbe karatasi ilitaka kitambaa kikunjwe, na pale penye mkunjo mkasi usipite kabisa. Kifua cha gauni kikatoka nusu mbili.

Shangazi alilia. Baba akamwambia mbele yangu, "Nimekosea mimi. Macho yamechoka." Nami, mwenye Kifaransa kingi, nikanyamaza. Akaziunga zile nusu kwa safu ya vifungo kutoka shingoni hadi kiunoni, na harusi ikafanyika.

Mwaka wa 1994 hatukuuvuka na baba. Kiingereza nilijifunza baadaye, na siku nilipokutana na neno lile "fold" darasani niliona aibu mpaka nikainamisha kichwa. Mwaka jana ndipo nilipomwambia shangazi ukweli. Hakuacha hata kuchambua maharage yake.

"Baba yako alikuwa anajua," akasema. "Aliniambia siku ile ile: usimuseme mutoto, atakuja kuogopa kusoma."

Wanangu wamesoma Kiingereza tangu chekechea, na lisilojulikana wanaiuliza simu. Kifaransa ndicho kinachowashinda. Juzi mdogo wao alinisomea ukurasa mmoja, akakosea neno, nikacheka. Akafunga kitabu taratibu, na tangu siku hiyo hajanisomea tena.