Mapungufu ya Kiunzi Kipya

Tulimwita Babu, ingawa hakuwa na mjukuu na mvi zake zilikuwa za kuhesabika. Miaka kumi na moja alikaa kwenye chumba cha seva cha hospitali, mimi meza ya pili, akiilea programu aliyoiandika mwenyewe: daktari anaomba majibu ya maabara kwa simu, programu inamletea. Haikuwa nzuri, tuseme ukweli. Kila Jumatatu asubuhi, wodi zote zilipoomba kwa pamoja, ilizimia, na Babu aliiamsha kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Siku moja mkuu wa idara akamwita. "Kuna kiunzi cha JavaScript, programu iliyokwisha kujengwa nusu, watu wanakisifu. Kazi ya kupokea maombi kinaifanya chenyewe, mtu anajazia ya hospitali tu. Kipime wiki mbili, uniambie kinafaa au hakifai."

Mchawi mpe mtoto akulelee. Nilimwambia Babu kwamba anatumwa kumpima atakayerithi kiti chake.

"Kiti gani? Hiki chenye mguu mbovu?" akanijibu.

Akakipima kwa haki, na hilo linaniudhi hadi leo. Angeweza kukijaribu kwa maombi kumi, ambapo programu yake ilishinda kwa kasi. Yeye akazirushia zote mbili maombi elfu tano. Ya kwake ilizimia dakika ya pili. Kiunzi kiliendelea kujibu hata tulipokwenda kunywa chai na kurudi. Babu akaguna, akaandika namba zote kwenye ripoti.

Chini ya "Mapungufu" alikosa la kuandika asubuhi nzima. Mwisho akaweka sentensi moja: "Katika idara yetu hakuna anayekijua kiunzi hiki vya kutosha, mimi nikiwamo."

"Hapo watafikiri mara mbili," akaniambia. Mfa maji haachi kutapatapa. Nilipaswa kumzuia.

Mkuu aliisoma ripoti mbele yetu, akaisifu kwa dhati. Alipofika kwenye mapungufu akatoa kalamu, akaipigia mstari ile sentensi.

"Ahsante kwa kusema ukweli, mzee wangu. Wengi huficha."

"Nitajifunza," akasema Babu. "Miezi mitatu tu."

"Usijisumbue. Tumepata wawili wanaokijua, wanaanza kesho kutwa. Wewe wakabidhi nywila na funguo za chumba, basi."

Babu akauliza watafika saa ngapi, ili asichelewe.