Mbao za Asante Mayu

Wiki iliyopita fundi alikuja kubadilisha fremu ya mlango wa stoo yangu hapa Bariadi. Alipoivuta tu ikatoka bila ubishi, ikamwaga unga mkavu sakafuni, na harufu yake ikanifikia kabla sijaona kitu: udongo wa chini kabisa, wenye ubaridi, uliochanganyika na ubao wa zamani. Mimi ninauza vifaa vya ujenzi, na dawa ya mchwa iko kwenye rafu ya mbele, kwa hiyo fundi alinicheka sana. "Mganga hajigangi, mama!" akaniambia. Nilicheka naye kwa adabu. Kisha nikaingia dukani nikakaa juu ya mfuko wa saruji.

Ninyi mliozoea malori ya chuma kuanzia pua hadi mkia huenda msijue kwamba zamani lori lilikuwa nusu mali ya seremala. Gari lilikuja likiwa injini, boneti na chesisi tupu. Vyote vilivyobaki vilijengwa huku huku kwa msumeno na randa. Baba yangu alikuwa seremala pale Sola, upande wa Maswa. Alipata lori kuukuu kwa mfanyabiashara mmoja, bodi lake likiwa limeoza lote, na bibi, yaani mama yake baba, ndiye aliyetoa ng'ombe alioachiwa na babu ili linunuliwe. Baba alilijenga upya kwa msimu mzima wa kiangazi. Milango ya kabini ilikuwa ya mbao, komeo la mbao, hata dashibodi ilikuwa ubao wa mninga aliousugua mpaka ukang'aa. Mvua zikinyesha milango ilivimba na dereva alitokea dirishani. Kiangazi mbao zilisinyaa na vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Likitembea lilikuwa linalia kila kiungo, na sisi watoto tulilitambua kabla halijafika kwenye mkuyu wa barabarani. Juu ya kioo cha mbele baba aliandika kwa rangi nyeupe: ASANTE MAYU. Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Bibi hakujua kusoma, ila kila mgeni aliyefika nyumbani alipelekwa akamsomee.

Mninga ulimwishia baba kabla hajamaliza. Kwa hiyo zile mbao nene za kukingama chini, zinazobeba bodi lote juu ya chesisi, alitumia mpaini, mti laini usiohimili mchwa kama mninga, akazipaka rangi ya bluu kama kwingine. Huko chini nani angeona?

Masika ya mwaka ninaousimulia yalikuwa makali. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukishalowa haupitiki, basi lori lilikaa nyumbani karibu na zizi la ng'ombe, limefunikwa turubai. Wiki chache baadaye kichuguu kikaanza chini yake, katikati ya magurudumu ya nyuma. Kilianza kama bakuli lililofudikizwa. Baba alichukua jembe akibomoe, bibi akamzuia.

"Kimekuja chenyewe nyumbani kwako, wewe unakifukuza?" alisema. "Mahali pote hapa, kimechagua chini ya lori lililonunuliwa kwa ng'ombe wa baba yako. Hujiulizi?"

Kwa bibi, kichuguu kinachoota ndani ya mji wa mtu ni wazee waliosogea karibu na watoto wao. Babu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Tangu siku hiyo bibi aliinama chini ya lori kila asubuhi akamwaga togwa kidogo, akanong'ona, akatoka anapangusa magoti. Baba hakuwa mtu wa mambo hayo, lakini kwa mama yake hakuwa na sauti. Alirudisha jembe mahali pake. Kichuguu kikapanda, kikafika kwenye mbao.

Sasa niwaambie siri ambayo hata mume wangu alichelewa kuijua. Mimi nilikuwa mla udongo. Mwaka uliotangulia nilivimba tumbo kwa minyoo, mama akanichapa, akalia, kisha akaniapisha. Niliapa kwa moyo wote, na siku ya tatu nikarudia. Udongo wa kichuguu ndio ulikuwa mtamu kuliko wote, laini, hauna mchanga, una uchachu fulani baada ya mvua. Bibi akishaondoka, mimi naingia chini ya lori kumega sehemu yangu.

Kutoka kwenye kichuguu vilikuwa vimepanda vijia vya udongo juu ya mbao, vyembamba kama kidole changu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vitamu zaidi. Siku moja nilikwangua kijia kwenye ubao wa katikati, kidole kikazama. Hakikukuta ubao. Kilikuta rangi ya bluu peke yake, kama ganda la yai, na nyuma yake uwazi wenye unyevunyevu na vitu vinavyotembea. Niliweka sikio. Ndani mlikuwa na sauti ndogo isiyokatika, kama mchele unaomiminwa taratibu kwenye ungo. Nilitoka nikikimbia. Kesho yake nikarudi, nikajaribu ubao wa pili, nao ulikuwa hivyo hivyo.

Nilijua maana yake. Mtoto wa seremala hafundishwi mchwa ni nini. Lakini ningemwambiaje baba bila kuulizwa nilikuwa natafuta nini huko chini? Nikawa ninajipa moyo: watu wazima wana macho, wataona wenyewe. Usiku ninasikia ule mchele hata kitandani, na asubuhi ninaamka nimeamua kusema, halafu ninamwona mama na ufito wake mlangoni, ninanyamaza.

Msimu wa pamba ukafunguliwa. Baba aliahidi kupeleka mzigo wa kwanza kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba huku Bariadi, na dada yake, shangazi Milembe, angepanda juu ya mzigo kisha aendelee na safari ya kwake Kalemela, alikoolewa. Shangazi alikuwa amekaa kwetu mwezi mzima akituvunia. Alikuwa mtu wa vicheko, mtoto wa mwisho wa bibi, kipenzi chake.

Alfajiri hiyo lori halikutoka. Kichuguu kilikuwa kimeshika ekseli. Bibi akamwomba baba asubiri, ili yeye mwenyewe achemshe togwa na kuwaaga wazee kwanza. Baba alitazama jua, akatazama watu waliokuwa wakingoja na magunia yao, akachukua jembe. Mapigo ya kwanza yalitoa mlio mzito, na bibi akaweka mikono kichwani.

"Umemvunjia baba yako nyumba," alisema polepole. "Haya. Nenda."

Baba aliingia chini, akafuta udongo kwenye mbao kwa tambara, akachukua nyundo na kugonga ubao wa katikati mara moja, pembeni, karibu na boliti. Ukalia vizuri, mkavu na mzima. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na gurudumu, na moyo wangu ulikuwa unasema: katikati, baba, gonga katikati. Alitoka akapangusa mikono.

Magunia yalipakiwa, yakashindiliwa kwa miguu. Shangazi alipoweka mguu kwenye gurudumu apande, nilishika kanga yake.

"Shangazi, usipande."

"Kwa nini, mwanangu?"

Mama alikuwa hatua tatu kutoka hapo. "Basi tu," nikasema.

"Nitarudi Krismasi," alisema huku akicheka. "Achia kanga, watu wataniona uchi."

Nikaachia. Mpaka leo ninausikia ule mlio wa mbao likiondoka. Haukuwa ule niliouzoea. Palikuwa na kiungo kimoja ambacho hakikulia.

Mtu wa baiskeli alikuja kabla ya saa sita mchana. Kwenye mteremko wa korongo bodi lilikatika kwenye chesisi, likalala upande na mzigo wote. Wengine walirukia mchangani wakachubuka. Shangazi alikutwa chini ya magunia. Watu husema pamba ni nyepesi. Hawajawahi kubeba gunia lililoshindiliwa.

Baba alimleta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alimshusha, akamkabidhi kwa kina mama, na hakukaa na waombolezaji. Aligeuza mkokoteni akarudi korongoni, wanaume wakimwita. Jua lilikuwa bado juu tulipoona moshi. Alikusanya kila ubao wa lori lile, na ule wa ASANTE MAYU pia, akauwasha moto peke yake, akakaa hapo mpaka pakabaki misumari. Wazee walipofika kutazama walikuta chuma. Walisema amechanganyikiwa kwa uchungu, na mimi nilisadiki hivyo.

Bibi aliwaambia waombolezaji sababu, na wote waliikubali: alivunja kichuguu. Baba hakukana. Aliinamisha kichwa mbele ya mji mzima. Baada ya matanga bibi alihamia kwenye nyumba ndogo upande wa pili wa zizi, na tangu hapo hakula chakula kilichopikwa kwa baba wala kumtaja jina. Alisema "yule". Kila asubuhi yule alimpelekea maziwa, akayaweka mlangoni, akaondoka.

Mimi nilikua na mambo yangu kifuani. Nilimwona baba anabebeshwa kosa ambalo silo, nami ninajua lililo kweli, na kila mwaka kusema kulizidi kuwa kugumu. Niliolewa, nikafungua duka, nikazaa. Siku nilipomzalia bibi kitukuu wa kike, akampa jina la Milembe, nilishindwa. Nilipanda gari nikaenda Sola. Baba alikuwa uani ananoa randa. Nilimweleza yote nikiwa nimepiga magoti: udongo, kidole, sauti, kanga ya shangazi.

Hakuacha kunoa mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza, na ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia ana hofu:

"Bibi yako umemwambia?"

"Hapana, baba."

"Mtu yeyote?"

"Hapana."

Akapumua. "Vizuri, mwanangu. Simama, utaumia magoti."

Nilibaki nimepiga magoti, maana ndipo nilipoelewa. Aliona mbao zile korongoni, zimeliwa ndani zimebaki rangi. Alijua mchwa walipitia wapi, na kwa agizo la nani kichuguu kiliachwa masika yote. Kama wazee wangeziona, wangemwambia bibi kwamba kile alichokuwa akikimwagia togwa kila asubuhi ndicho kilichomuua binti yake. Akazichoma. Akachukua kosa lote yeye, akamwachia mama yake hasira, kwa kuwa hasira mtu anaweza kuishi nayo. Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia msibani.

Bibi alifariki mzee sana, akiwa hajamsamehe. Makaburini mama mmoja alininong'oneza: "Baba yako angesubiri tu ile togwa, eti?" Baba alikuwa amesimama ng'ambo ya kaburi, koleo mkononi, ananitazama.

Nilinyamaza. Safari hii haikuwa kwa kumwogopa mtu.