Anzai, Mpishi Asiyeijua Tena Ladha ya Supu Yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjini Kitakata, Japani. Theluji imefika magotini, na Tokuji Anzai ameshaisukuma kutoka mlangoni pa duka lake la rameni, tambi za supu ambazo watu wa hapa huzila asubuhi. Ndani, sufuria kubwa ya mifupa ya nguruwe na dagaa wakavu inatokota. Anaweka kijiko cha mchuzi wa soya kwenye kikombe cha chai, anajazia supu, kisha anakisogeza upande wa pili wa kaunta.

Mwanamke aliyevaa koti la posta anakinywa akiwa amesimama.

"Chumvi imezidi," anasema.

Anzai anapunguza mchuzi wa soya na kuchanganya kikombe cha pili. Anamtazama mwanamke huyo kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayesoma majibu.

"Hapo sawa."

Mwanamke anainamisha kichwa, anatoka. Mazungumzo yao ya siku yamekwisha. Anaitwa Chizuru Igarashi, ana miaka arobaini na mmoja, na ndiye ulimi wa duka hili. Anzai, mwenye miaka sitini na minne, hajui supu yake ina ladha gani. Huu ni mwaka wa tatu.

Ilianza na homa ya Januari. Alilala wiki mbili peke yake kwenye chumba kilichopo juu ya duka, maana mkewe alikuwa ameshafariki. Alipoinuka akachemsha kahawa, akaona anakunywa maji ya moto. Alikula tango la kuchachua, halikuwa na kitu. Akafungua chupa ya siki na kuinusa. Pua yake ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Daktari alimwambia ladha inaweza kurudi, na inaweza isirudi. Anzai alimshukuru, akarudi kufungua duka. Hakumwambia mtu.

"Ningewaambia nini watu? Kwamba nawapikia kwa kubahatisha?" anasema huku akikata majani ya vitunguu bila kuangalia kisu. "Nimepika supu hii miaka thelathini na mmoja. Nilijidanganya kwamba mkono unakumbuka."

Mkono haukukumbuka. Supu ya mifupa haifanani siku mbili mfululizo: leo imechemka sana, kesho dagaa wamekuja wakavu zaidi. Zamani alikuwa akionja na kurekebisha. Sasa alikuwa akikisia.

"Mkono unaogopa," anasema. "Usipoonja, kila kitu unakiona chapwa. Ukiogopa, unaongeza."

Aliongeza kidogo kidogo, kwa miezi mingi. Wateja walikuwa wakila, wanasema asante kwa chakula, wanaondoka. Kutoka mabakuli themanini kila asubuhi, akashuka hadi hamsini, kisha thelathini. Hakuna aliyelalamika. Mtu wa Kitakata akichukizwa na rameni yako hakuambii. Anabadilisha tu njia ya kwenda kazini.

Mmoja tu hakubadilisha njia. Huyo ni Moriyasu Igarashi, fundi mstaafu wa mikeka ya nyumba, aliyekuwa akikaa kiti cha mwisho karibu na jiko tangu duka lilipofunguliwa. Ana miaka sabini na mitatu, anamwita Anzai "Toku" kama mdogo wake wa damu, na hakuwahi kuacha tone la supu. Wengine hula tambi na nyama na kuacha supu chini ya bakuli. Yeye alikuwa akiinua bakuli kwa mikono miwili na kulimaliza, kisha anasema maneno yaleyale ya utani: "Leo hukuharibu sana, Toku."

"Na wewe leo umechelewa tena kufa, kaka," Anzai alikuwa akimjibu.

Utani huo sasa hamfanyii mtu yeyote.

Asubuhi moja ya Februari mwaka jana, Igarashi alikuwa ameshamaliza bakuli lake. Kijiti kimoja kilimponyoka mkono wa kulia. Akajaribu kukiokota, vidole vikapita kando yake. Akajaribu tena. Anzai alidhani anafanya mzaha, akacheka. Kisha mzee akageuza uso, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka.

"Alitaka kusema kitu, yakatoka mate," Anzai anasema. "Nilimshika mpaka gari la wagonjwa likaja. Nilikuwa bado nimefunga taulo kichwani."

Kilikuwa kiharusi. Kilimwacha hai, ila mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi.

Hospitalini walimuuliza binti yake, Chizuru, baba yake hula nini. Akasema kila asubuhi rameni, siku saba kwa wiki. Siku ya tatu alikuja dukani, akaagiza bakuli moja kama mteja yeyote. Hakuwa amekula hapo kwa miaka mingi. Alikunywa kijiko kimoja cha supu, akakiweka chini taratibu.

"Mjomba, wewe hii huionji?"

Hakupaza sauti. Anzai anasema angepaza sauti ingekuwa nafuu. Wateja wawili waliokuwepo waliinamisha vichwa juu ya mabakuli yao. Hapo hapo, mbele yao, Anzai alimweleza yote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatamka.

Chizuru alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba mwaka mzima baba yake alikuwa akirudi nyumbani kutoka dukani na kunywa maji chupa mbili, na alipomuuliza alisema ni joto la jiko.

Jioni ile Anzai alifunga duka akaenda hospitali. Alipiga magoti sakafuni kando ya kitanda, paji la uso chini. Igarashi aliongea kwa ulimi mzito.

"Inuka, Toku. Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Niliona hunusi tena kabla ya kuonja."

"Sasa mbona hukuniambia, kaka?"

Maneno ya Igarashi yalitoka moja moja.

"Ungefunga. Mimi asubuhi ningeenda wapi?"

Hakuna daktari aliyesema ni supu iliyomwangusha. Mzee alikuwa na shinikizo la damu, na alivuta sigara miaka hamsini. Anzai anayajua hayo yote. "Watu wananiambia ili nilale," anasema. "Lakini bakuli nililiosha mimi. Lilikuwa tupu."

Alibandika karatasi mlangoni: "Sina tena uwezo wa kuonja. Kwa muda mrefu nimewapa supu yenye chumvi kupita kiasi na nikanyamaza. Naomba radhi." Duka likafungwa siku arobaini. Alianza kuuliza bei ya sufuria zake kwa wanunuzi wa vyombo chakavu.

Siku ya arobaini na moja Chizuru aligonga. Baba yake, alisema, kila asubuhi anauliza kama duka limefunguliwa, na yeye amechoka kumjibu hapana.

"Fungua. Nitaonja mimi kabla ya kwenda kazini. Ila sijakusamehe, Mjomba. Usije ukadhani."

Tangu hapo Chizuru hajakaa hata siku moja kwenye kaunta. Anzai humfungia sahani ya nyama iliyokatwa ampelekee baba yake. Yeye huiacha palepale. Ni mwezi uliopita tu alipomwambia, bila kuulizwa, kwamba mzee ameanza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto.

Wateja wa zamani, wengi hawakurudi. Mabakuli ni ishirini na tano, thelathini siku ikiwa njema. Kiti cha karibu na jiko mtu akikikalia, Anzai hamzuii. Ila humhudumia bila kumtazama.

Siku hizi, wateja wakiisha, huwasha jiko dogo la pembeni. Daktari amekubali kwamba theluji ikiyeyuka Igarashi anaweza kuletwa kwa kiti cha magurudumu, ale bakuli dogo, karibu lisilo na chumvi kabisa. Anzai anaitafuta supu hiyo kwa dagaa wengi na uyoga mkavu uliolowekwa. Ameijaribu mara kumi na tisa. Chizuru ameonja zote. Ya mwisho alisema ni maji ya kuoshea vyombo.

Anzai anafunika sufuria na kufuta mikono.

"Miaka yote nilitaka anisifu," anasema. "Sasa naomba aje tu, anywe kijiko kimoja, akunje uso, aniambie ni mbaya."