Zamu ya Jembe Pipani

Usiku kucha Kikohozi alikaa kwenye benchi nje ya wodi, macho mlangoni. Kila alipotoka muuguzi, Kikohozi alimvamia kwa swali lile lile, "Anaendeleaje?" na kila mmoja akamjibu kwamba wataambiwa ndugu wa damu tu. Ndugu wa damu alikuwa dada mkubwa wa mgonjwa, ambaye alikuwa kitini pembeni, mkoba kifuani, anakoroma.

Mgonjwa huyo, wenzake kazini walimwita Jembe, maana hakuna kazi iliyowahi kumshinda. Yeye na Kikohozi walifua mashuka ya hoteli chini ya paa moja, na Jumapili walikaa benchi moja kanisani.

Kikohozi alizaliwa na kifua kibovu, ndiyo asili ya jina lake. Hata hivyo msimamizi wao, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alimpanga kwenye pipa la dawa ya kung'arisha mashuka, chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Kikohozi alimwendea akilia. Mzee akatabasamu.

"Huo ndio msalaba wako, mama. Ubebe kwa furaha."

Jembe aliposikia alifoka. "Msalaba gani? Pipa kalinunua mwenyewe! Lete aproni yako."

"Utaumia, mwenzangu."

"Mimi kifua changu chuma. Wewe una watoto wadogo. Nenda kapige pasi, na ukikohoa, kohoa kwa adabu."

Wakabadilishana aproni zao zenye majina. Kazini walifunga vitambaa usoni, na msimamizi hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba kile kwa kukimbia harufu. Aliona aproni ya Kikohozi imeinama pipani, akaridhika. Kila Kikohozi alipotaka kurudi mahali pake, Jembe alimfukuza.

"Kuna aliyenifia mimi msalabani bila kuniuliza. Na wewe nyamaza."

Hadi jana yake mchana, Jembe alipoanguka kando ya pipa, akitafuta pumzi asiipate.

Asubuhi msimamizi akafika na akina mama wa kanisa, Biblia kwapani, shati limenyooka kola hadi mikono. Alisimama mbele ya mlango, akafumba macho, akapaza sauti.

"Bwana, tunashangaa maradhi haya yametoka wapi!"

Kikohozi alikuwa ameinamisha kichwa pamoja na wengine. Neno lile la kushangaa likamchoma. Aliwafikiria wanawe, akaifikiria kazi, akasimama kabla ya amina.

"Usimdanganye Mungu! Hushangai wewe. Yametoka kwenye pipa lako!"

"Mama, tuko kwenye maombi."

"Na mimi naomba! Pipa lilikuwa langu. Nilikulilia, ukanipa msalaba. Akaubeba huyu mwaka mzima, na wewe umesimama kule mlangoni umeziba pua!"

Akina mama wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Mzee, ni kweli?" Mzee akafunga Biblia yake.

"Kesho usije kazini," akasema, akaondoka na shati lake.

Dada mkubwa alikuwa ameamka. "Kumbe ni wewe! Mdogo wangu anakufa kwa ajili yako? Basi humu huingii." Akavuta kiti, akakiweka mbele ya mlango, akakaa.

Kikohozi akarudi kwenye benchi, akajifunika uso kwa kanga.

Mlango ukagonga mgongo wa kiti. Muuguzi akachungulia.

"Amefumbua macho. Nani anaitwa Kikohozi? Mgonjwa anauliza kama amekunywa dawa yake ya kifua."

"Ndugu yake ni mimi," dada akasema.

"Nimemwambia uko hapa. Amesema ungoje."

Kikohozi alitaka kuitika, lakini kifua kikambana, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Basi ni wewe," muuguzi akasema. "Dada, sogeza kiti."

Kiti kikaburuzwa sakafuni, taratibu, kwa kinyongo. Mlango ukafunguka wote.